Mkazi wa Kawaida ni Nani?

Ndugu msomaji, juma hili naomba radhi, nitaanza na habari za nyumbani kwetu. Wasikilizaji kadhaa wameniuliza imekuwaje mtu aliyezaliwa mahali, akajenga nyumba ya bati pale, akachangia shule na kisima, akazika wazazi wake pale pale, aweze kuambiwa hafai kuwa diwani wa mahali hapo kwa kuwa yeye si mkazi. Swali hili siwezi kulijibu kwa vitabu peke yake. Liliwahi kunigharimu miaka miwili ya kutosemeshwa na mjomba wangu.

Mwaka 2010 mjomba, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, alitoka Mbagala alikoishi tangu 1979 akaja Lisekese, kandokando ya mji wa Masasi, kutaka udiwani. Dar es Salaam aliingia kijana mwenye shati moja. Alitembeza bidhaa mkononi kabla neno machinga halijawa jina la kila mchuuzi wa barabarani, na mwisho akapata duka lake la vipuri. Lisekese alikuwa na nyumba nzuri, lakini ndani yake aliishi mpangaji, mwalimu. Alikuwa na mikorosho, lakini iliyapaliliwa na binamu zake. Yeye mwenyewe alikuja kwa misiba, kwa jando la wajukuu, na wakati wa kuuza korosho.

Jioni moja akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mpwa wangu, niandikie barua. Sema nimekuwa nikiishi kwa mama yako tangu mwaka juzi. Wewe mtu wa redio, nani atakubishia?"

Sikuiandika. Nikamwambia nitafikiri, nikafikiri mpaka siku zikapita. Fomu yake ilipopelekwa likaja pingamizi, na aliyeliandika alikuwa jirani aliyepakana naye mashamba. Pingamizi lenyewe halikuzidi nusu ukurasa: huyu bwana ni mwenzetu kwa damu, lakini haishi hapa. Jina la mjomba likaondolewa. Kwetu sisi Wamakua ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mkubwa wako kwa kila jambo. Kumnyima mjomba barua si jambo dogo. Mama alinitetea mbele ya watu, lakini tulipobaki wawili akaniuliza kama barua ile ingenipunguzia nini.

Hebu basi tuitazame sheria yenyewe. Wakati ule ilitumika Sheria ya Uchaguzi wa Serikali za Mitaa ya mwaka 1979. (Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria moja ya uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, ikachukua nafasi yake.) Sheria ile ya 1979 ilimtaka mwenye kuomba udiwani awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na njia halali ya kujipatia riziki, na vyama vingi viliporudi, awe amedhaminiwa na chama. Katikati ya masharti hayo likakaa moja fupi: awe mkazi wa kawaida katika eneo la mamlaka ya serikali ya mtaa anayoiomba. Sharti hilo halikutaja miezi. Halikutaja nyumba, wala shamba, wala kaburi la babu. Na tazama vizuri, lilisema eneo la halmashauri nzima, halikusema kata. Mtu wa Lukuledi angeweza kuombea kata ya Chiungutwa, maadamu zote zilikuwa ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Masasi.

Sasa uliza kuhusu mbunge. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 67, inamtaka mbunge awe raia, awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika, awe mwanachama wa chama kilichompendekeza. Habari ya kuishi jimboni haimo kabisa. Marehemu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso huko huko Masasi, alikuwa mbunge wa Nanyumbu kuanzia 1985 hadi 1995, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa waziri, kazi yake ikiwa Dar es Salaam na kwenye ndege. Hakuna aliyemwekea pingamizi, na sheria haikutoa nafasi ya kumwekea. Lakini mbunge huyo huyo ni mjumbe wa baraza la madiwani. Kwa hiyo kwenye meza moja, wakigawana fedha zile zile za zahanati na barabara, wamekaa watu waliolazimishwa na sheria kuishi pale na mmoja ambaye sheria haikumuuliza analala wapi. Mjomba alilijua hilo. Aliniambia, "Mkubwa anaruhusiwa kuwa mbali, mdogo ndiye anafungwa kamba." Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina lililo zuri sana.

Lakini tusiishie kwenye sheria ya juzi. Kule kwetu swali la nani mkazi limeulizwa na kila serikali iliyopita, na kila moja ilitoa jibu lake.

Mji wa Masasi tunaoujua ulianza na wageni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa. Walipofika Masasi, penye ile milima ya mawe inayochomoza kwenye tambarare, wakasimama, wakajenga, wakalima. Hawakuwa na babu pale wala ukoo. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana kule kama Magwangwara, waliwavamia, wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa, na kazi ya misheni ikahamia kwa muda Newala, juu ya uwanda, kwa chifu Matola wa Wayao. Naye Matola alikuwa mtu wa kuja pale uwandani. Ndiyo kusema, ukitaka kumtafuta mwenyeji halisi wa Masasi mwenye haki ya kumwambia mwenzake "wewe umekuja", utachimba sana.

Wenyeji wenyewe walikuwa na utaratibu wao. Juu ya uwanda wa Makonde hapakuwa na mfalme. Mtu aliyefungua pori kwanza, yeye na watu wa ukoo wa mama yake, ndiye aliyekuwa mwenye mahali, na warithi wake wakaitwa wakulungwa. Mgeni aliyekuja alimwendea mkulungwa, akaonyeshwa pa kulima, akaishi kwa amani. Aliweza kukaa miaka arobaini, akazeeka, akaheshimiwa, lakini neno la mwisho juu ya ardhi halikuwa lake. Huku kwetu Masasi, kwa Wamakua na Wayao, mwanamume aliyeoa alihamia kwa wakwe zake. Mtu mzima mwenye watoto sita akawa analala, analima na kula kwa mkewe, na huku sauti yake ya ukoo iko kwa dada zake, siku mbili kwa miguu. Mwulize huyo mkazi wa kawaida wa wapi. Atakujibu kwamba yeye ni mkwe wa hapa na mjomba wa kule.

Wajerumani hawakuwa na subira na mambo hayo. Wao walihesabu vibanda. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, mkazi akawa mwenye kibanda kinacholipiwa. Na aliyekuja kuidai mara nyingi alikuwa akida, mtu wa pwani, ajuaye kusoma na kuandika, asiyejua nani ni mjomba wa nani. Huyo alikuwa mtawala asiye mkazi, na watu walimchukia kwa sababu hiyo pamoja na kiboko chake. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 kule Umatumbini kwa kung'oa pamba, maakida walikuwa miongoni mwa walioandamwa mwanzo kabisa. Moto ule ulifika kwetu mwaka huo huo, misheni ya Masasi ikachomwa.

Waingereza nao wakaja na nadharia kwamba kila kabila lina chifu wake, ni kumtafuta tu. Gavana Donald Cameron akatoa sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji. Mahali penye machifu ilifanya kazi. Kwenye uwanda wa Makonde wakamtafuta chifu pasipo na chifu, wakawajaribu wakulungwa, wakaona mamlaka ya mkulungwa haivuki mpaka wa kijiji chake, na baadaye wakategemea maliwali walioteuliwa na serikali. Mabaraza ya kuchaguliwa yalikuja polepole chini ya sheria ya mwaka 1953, na mwaka 1963, nchi ikiwa huru, uchifu ukafutwa kisheria.

Hapa sasa ndipo penye jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kuanzia Julai 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani, na jina lilikuwa zuri, kwa maana ya kupeleka madaraka karibu na watu. Kilichopelekwa karibu ni maofisa. Wakaja Masasi na Newala mabwana mipango na wakurugenzi wa maendeleo kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao watu wa bidii. Waliishi pale. Walinunua nyama bucha moja na sisi, watoto wao walisoma na watoto wa hapo. Kwa kipimo cha kulala, walikuwa wakazi kuliko mjomba wangu. Lakini barua ya uhamisho ikija, wanafunga magodoro, na barabara waliyoipanga tunabaki nayo sisi. Kwa hiyo kuishi mahali kwa sababu umepangiwa nako kuna upungufu wake, na sheria ya ukazi haiuoni upungufu huo.

Miaka hiyo hiyo ndiyo ya Vijiji. Mkoa wa Mtwara ulianza mapema kuliko mikoa mingi kukusanya watu, maana ng'ambo ya Ruvuma Frelimo walikuwa vitani na Wareno tangu Septemba 1964, na watu waliotawanyika mpakani hawakuwa salama. Halafu ikaja ile amri ya mwaka 1973 kwamba kuishi kijijini ni lazima kwa wote. Bibi yangu alihamishwa kutoka kwenye mikorosho yake akapewa kiwanja kwenye mstari ulionyooka. Nyumba ikawa kijiji kimoja, shamba likawa saa mbili za kutembea. Aliwahi kuniambia kwamba siku ile alikuwa mkazi wa mahali asipopajua na mgeni kwenye miti aliyoipanda. Korosho zikasimulia habari hiyo kwa namna yake: msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 hazikufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, bei mbaya na ugonjwa wa ukungu zikiwemo, lakini mti hautazamwi na mtu anayeishi mbali.

Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 na ile ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 zikaleta kipimo kipya. Mkutano mkuu wa kijiji ni watu wote wenye kuishi pale kwa kawaida, waliofikia miaka 18. Hakuna ukoo, hakuna nani alifungua pori. Mjane aliyeolewa kutoka Newala ana sauti sawa na mjukuu wa mkulungwa. Tusilichukulie jepesi jambo hili. Kwa wanawake na wakwe na watoto wa waliokombolewa utumwani, neno hilo mkazi lilifungua mlango ambao damu iliufunga. Kwa balozi wa nyumba kumi swali lilikuwa rahisi: je, moshi unatoka jikoni kwako? Hata kwa karani wa kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003, stakabadhi yako ndiyo iliyosema wewe ni wa wapi. Ilipofutwa tulishangilia, tusijue kwamba tumechana na kitambulisho.

Walikuwapo pia waliokaa na wasihesabiwe. Wamakonde wa Msumbiji waliovuka Ruvuma baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na wakati wa vita, wengine walibaki hata baada ya uhuru wa nchi yao mwaka 1975. Walilima, walioa, walichonga vinyago. Ukazi walikuwa nao, uraia hawakuwa nao, na masharti yanataka vyote viwili.

Halmashauri zilirudi rasmi mwaka 1984, na Oktoba 1994 madiwani wakachaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya vyama vingi. Siku hizo mtu wa Dar hangewaza udiwani wa Masasi hata kwa bahati mbaya. Masika yakishika barabara ya kusini inafunga, mabasi yanalala kwenye foleni ya kivuko cha Ndundu, abiria wanapika kando ya njia. Mtu angeondoka Temeke leo kwenda kikao cha baraza akafika wenzake wamekwisha pitisha bajeti. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003 mambo yakageuka. Unatoka Mbagala alfajiri, unakula chakula cha usiku Masasi. Baraza hukutana kila miezi mitatu. Basi mjomba alipiga hesabu: mara nne kwa mwaka, kwa nini nisiweze?

Hesabu yake ilikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo niliiona Newala kwa wakwe zangu. Uwanda ule hauna mto. Mvua ikinyesha maji yanazama mchangani, na tangu zamani kina mama waliteremka makorongo usiku kwenda kwenye chemchemi na kupanda na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, ulileta mabomba na pampu, na pampu inataka mafuta au umeme, vipuri na fundi. Pampu haiharibiki siku ya kikao. Inaharibika Jumanne ya katikati ya mwezi, na diwani anayeoga kwa maji yale yale anajua siku hiyo hiyo, tena anaambiwa na mkewe kabla ya mwananchi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nadhani yule jirani wa mjomba, kwa nusu ukurasa wake, alikuwa anasema hilo.

Wenzetu wamelipima jambo hili kwa njia nyingine. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1972, mtu anaweza kugombea baraza la mtaa akiwa mpiga kura aliyeandikishwa pale, au awe ameishi pale miezi 12, au kazi yake kuu iwe pale kwa miezi 12, au awe na ardhi au jengo pale kwa muda huo, awe mwenyewe au mpangaji. Kwa sheria hiyo mjomba angepita kwa mikorosho yake peke yake! Nilipomsomea habari hii alicheka kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wetu, akasema kumbe angegombea London.

Utaratibu wa Waingereza una sifa moja, unahesabika. Neno letu, kawaida, linamwachia ofisa na mpinzani wako kuamua kawaida ni nini. Mtu aliyelala ugenini mwaka mzima akiuguza mzazi hospitali anaweza kuitwa si mkazi na adui yake. Mwenye hila naye anaweza kupanga chumba miezi miwili kabla ya uchaguzi, akatundika shati mlangoni, akaitwa mkazi. Halafu mipaka nayo inahama. Tandahimba ilitengwa na Newala, Nanyumbu ikatengwa na Masasi, na kufikia sensa ya mwaka 2012 Mji wa Masasi ulikuwa unahesabiwa peke yake. Fikiria mtu aliyejenga mjini Masasi na shamba lake likawa wilayani. Alilala mkazi wa Halmashauri ya Wilaya, akaamka mkazi wa Halmashauri ya Mji, na hakusogeza hata kigoda. Mimi ningependa sheria itaje miezi, tena isiwe michache. Lakini sharti lenyewe nisingeliondoa, na ningeanza kuliuliza kwa wabunge pia.

Mjomba aliuza duka la vipuri mwishoni mwa 2012, mwalimu akapisha nyumba, na yeye akarudi Lisekese moja kwa moja. Siku aliyonipigia simu ilikuwa kuniuliza bei ya bomba za maji Dar. Udiwani hakuutaka tena, alisema amekuwa na kazi nyingi mno shambani.

Mwaka juzi nilikwenda kumsalimia, nikamfuata kwenye mkutano wa wakazi chini ya mwembe. Palikuwa na ubishi juu ya mchango wa kisima na nani ashike fedha. Nikaona jambo ambalo wote wamelisahau, nikanyosha mkono. Mwenyekiti akaniangalia, kisha akamwangalia mjomba. Mjomba akasimama taratibu, akavua kofia.

"Huyu ni mpwa wangu," akasema, "mtoto wa dada yangu. Amekuja juzi na basi, kesho kutwa anaondoka. Mpeni maji ya kunywa."

Nikashusha mkono, nikaletewa maji.